Gego la nyuma linamwonyesha nani weupe?

Ukienda kliniki ya meno leo na gego lililokwisha kutibiwa mzizi, utaonyeshwa safu ya meno ya sampuli uchague weupe wako. Krauni ya chuma, yaani kofia ya kulivika jino zima, haitajwi. Ukiitaja wewe, utatazamwa kama umeulizia redio ya mkulima.

Wanaopenda nyeupe hawakosi hoja. Zirkonia ya kawaida, keramiki nyeupe ngumu, huhimili megapaskali 900 na zaidi (kipimo cha nguvu kabla ya kuvunjika), kwa hiyo kuvunjika si kitisho tena. Ila ile inayopitisha mwanga na kufanana na jino halisi ina nguvu pungufu: urembo unalipiwa. Kwa meno ya mbele kuna keramiki za kioo, na huko sina ubishi.

Mimi nakwama kwenye milimita. Ili krauni ikae, lazima jino lichongwe, na kilichochongwa hakioti tena. Chuma tupu hutosheka na kama nusu milimita pembeni, na moja hadi moja na nusu juu. Chuma kilichopakwa porselini hudai zaidi ya milimita moja pembeni na hadi mbili juu, maana kuna chuma, rangi ya kukificha, kisha porselini yenyewe. Enameli ya gego, lile ganda gumu la nje, hata penye unene mkubwa, ni kama milimita mbili na nusu. Fanya hesabu: tunamenya karibu ganda lote ili kuficha kitu ambacho mwenyewe hukioni bila kioo. Na fizi zikishuka, mstari wa kijivu wa chuma kilichofichwa unajitokeza vilevile.

Zirkonia tupu imepunguza uchongaji huo, nakubali. Lakini jino likiuma chini yake, kuitoboa ni kazi. Inakula ncha za almasi, mgonjwa kaachama kinywa. Tena daktari akiikwangua kusawazisha mng'ato asiing'arishe upya, inabaki kama msasa kwa jino la upande wa pili. Dhahabu haina ukatili huo. Inalika karibu sawa na enameli.

Bei ya dhahabu, sawa, ni kizuizi. Chuma cha bei nafuu mara nyingi kina nikeli, na wako ambao nikeli inawawasha. Hao wasiguswe nacho. Nami gego langu la mwisho chini kushoto ningelivika chuma kesho, lakini lile dogo la juu, linalochungulia nikicheka, ningelipa nyeupe.