Fugazi na ile tiketi ya dola 5

Mu Goma nikisema bendi ninayoipenda kuliko zote ni Fugazi watu wananiangalia tu, wengine wanauliza hao ni wa Kinshasa ao wa Kampala. Apana, ni wa Washington, Marekani, watu wanne, magitaa mawili, besi na ngoma, walikuwa wanapiga roki ya makelele, na kama hupendi makelele yao sitabishana na wewe. Mimi nataka tuongee juu ya pesa.

Ian MacKaye, mmoja wa waimbaji wa Fugazi, alikuwa bado kijana mdogo wakati yeye na wenzake walichukua akiba ya bendi yao ya zamani, Teen Idles, wakatoa nayo diski wenyewe. Njo vile Dischord ilizaliwa mwaka 1980, nyumba ya kutoa diski isiyosainisha wanamuziki makaratasi, wanapeana mkono tu halafu faida wanagawana. Fugazi wenyewe walipanda jukwaani mara ya kwanza Septemba 1987 na hawakuhama Dischord hata siku moja, na miaka ya 90 makampuni makubwa yalikuwa yanawatafuta sana.

Sasa tiketi. Dola 5 hivi, miaka na miaka, na mtoto wa shule anaingia sawa na mkubwa. Watu wanapenda kuisimulia kama vile jamaa walikuwa watakatifu, mimi naona ilikuwa hesabu. Hawakuwa na meneja, MacKaye mwenyewe alikuwa anapiga simu kupanga konseri, wanasafiri na gari lao, wanalala kwa marafiki, saa ingine wanapiga kwenye ukumbi wa kanisa, basi matumizi yakiwa madogo na ukumbi ukijaa, dola 5 inatosha. Tena ile bei iliwapa nguvu, juu mtu akianza kupiga wenzake mbele ya jukwaa walikuwa wanasimamisha wimbo, anarudishiwa dola 5 yake ndani ya bahasha na anatolewa nje! Mwenye kukulipa kidogo hawezi kukutawala, nadhani njo hapo siri ilikuwa.

Huku kwetu wimbo unaanza, kabla hata ya kiitikio umeshasikia majina kumi ya wafanyabiashara na waheshimiwa. Njo mabanga, majina yanayotajwa kwa malipo. Vijana wa roki na rap wa hapa wanayacheka mabanga ya wanamuziki wa rumba, halafu wao wenyewe wakipanga konseri bango lote limejaa matangazo ya bia. Lakini siwezi kuwahukumu haraka, juu pigeni hesabu: sono (vyombo vya sauti) ya kukodisha, mafuta ya jenereta, moto wa umeme unaoenda na kurudi unavyotaka, halafu barabara, bendi ya Goma itazunguka miji gani na gari lake kama Fugazi walivyozunguka Marekani nzima? Wale walikuwa na barabara na posta. Diski yao bei ilikuwa imeandikwa palepale kwenye jalada, unatuma pesa kwa posta inakufikia nyumbani. Tuseme ukweli, kuwa huru kwataka posta pia.

Na kuna mahali walizidisha. Walikataa kuuza hata tishati, mpaka watu wengine wakatengeneza zao zilizoandikwa kwamba hii si tishati ya Fugazi, na zikanunuliwa! Bendi ya Goma ikikataa kuuza tishati mimi nitaiona ya wajinga, tishati njo mafuta ya jenereta.

Albamu yao ya mwisho ilitoka 2001, konseri za mwisho wakapiga London Novemba 2002, halafu kimya, bila kutangaza kwamba bendi imekufa. Ila kitu ninachowaonea wivu kilikuja 2011: miaka yote ile walikuwa wanarekodi konseri zao, rekodi zaidi ya 800, wakaanza kuziweka kwenye intaneti, na bei waliyopendekeza ni dola 5, ileile. Sisi konseri inaisha tunabaki na video za simu zinazotetemeka, sauti imepasuka, wakati sauti safi ilikuwa inapita palepale kwenye meza ya sono na hakuna mtu aliyewaza kuikamata. Hiyo haihitaji barabara wala posta, mwambieni tu jamaa wa sono arekodi kabla hamjapanda jukwaani, na mumulipe kitu kidogo juu bure hatafanya.