Kikombe cha bibi na neno "kuambukiza"

Katika nyumba moja ya jamaa zangu, Wete, Pemba, kikombe cha bibi kimetengwa. Bibi anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa, na huuliza mara tatu kama adhuhuri imeadhiniwa. Zamani tungesema amerejea utotoni, tukamaliza. Safari hii mkaza mwana alisikia sauti iliyorushwa kwenye simu: wataalamu wamethibitisha kuwa usahaulifu wa wazee unaambukiza. Kikombe kikapelekwa rafu ya peke yake, wajukuu wakakatazwa kulala naye.

Siucheki uvumi ule, maana haukuzuka hewani. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Stanley Prusiner, alitoa jina la prioni kwa kitu kinachoambukiza ilhali si kirusi wala bakteria: ni protini tupu. Protini yenyewe sote tunayo ubongoni; ubaya uko kwenye mkunjo. Sambusa moja iliyokunjwa vibaya haiharibu sinia zima, lakini prioni huharibu, kwani kila protini nzima inayoigusa hujikunja mfano wake. Wengi walimbeza. Laura Manuelidis wa Chuo Kikuu cha Yale aliendelea kushikilia kwamba mna kirusi kilichojificha humo. Mimi naona hoja hiyo ilivunjika mguu mwaka 1993, panya walioondolewa jeni ya protini hiyo walipodungwa maradhi na wasiugue. Prusiner akapewa Nobel mwaka 1997.

Kichaa cha ng'ombe ndicho kilichoitangaza prioni duniani. Uingereza iliwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya wenzao. Maradhi yakatambuliwa mwaka 1986, na mwaka 1996 serikali ikakiri kwamba yamefika kwa watu. Waliokufa huko ni 178. Kuichemsha nyama hakukusaidia kitu.

Mzozo wa leo ni mwingine: je, Alzheimer, maradhi ya usahaulifu wa wazee, na Parkinson, yale ya kutetemeka, nazo ni maradhi ya prioni? Wanaosema ndiyo wanaonyesha kuwa humo pia mna protini zilizopotoka mkunjo, na upotofu hutambaa kutoka seli hadi seli. Mwaka 2024 kundi la John Collinge wa London likaongeza uzito. Lilieleza habari za watu wanane ambao utotoni walidungwa homoni ya ukuaji iliyotolewa kwenye tezi za maiti, ambayo kundi hilo linaamini ilibeba protini zilizopotoka, na watano kati yao wakaonyesha dalili za kupoteza akili wakiwa na miaka 38 hadi 55. Wapinzani wakajibu kuwa wanane ni wachache mno, na baadhi yao walikuwa na maradhi mengine tangu utotoni yanayoweza kuuathiri ubongo. Tena homoni ile iliachwa mwaka 1985. Collinge mwenyewe hakusema kwamba mtu huipata Alzheimer kwa kumuuguza mgonjwa.

Kwa yanayotokea ndani ya ubongo, niko na wanaosema ndiyo. Kwa jina la "kuambukiza", niko na wapinzani, na sababu yangu ni ya Kiswahili. Hapa visiwani tukisikia "kuambukiza" tunaona kipindupindu: maji, mate, mikono, sahani. Waliodungwa homoni hawakuambukizwa namna hiyo. Walipandikizwa, kwa sindano, kitu kilichotoka kichwani mwa maiti. Mke aliyemwogesha na kumlisha mumewe miaka kumi hapandikizwi chochote.

Hata hivyo onyo la wanaosema ndiyo, kwamba upotofu huweza kupandikizwa, lina pahala pake, napo ni chumba cha upasuaji. Pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, watu hupasuliwa ubongo, na prioni haifi kwa joto la kawaida la kusafishia vyombo, nyuzi 121. Hutakiwa nyuzi 134 kwa dakika 18, au magadi makali (kostiki soda), au chombo kitupwe kabisa. Huko ningependa hofu iwe kubwa kuliko ilivyo. Jikoni mwa Wete haina kazi.

Nilimweleza mkaza mwana haya yote. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Sasa kaka, kama hauambukizi, mbona wao wenyewe wamesema unaambukiza?"

Kikombe bado kiko rafuni. Juzi mjukuu wa mwisho, ambaye hana simu, alikuwa akikinywea chai.