Daktari Petiot hakuwa gwiji wa uongo

Kila inapozungumziwa kesi ya Marcel Petiot, daktari wa Paris aliyewaua watu aliowaahidi kuwaokoa, hurudiwa sifa ambayo kwa maoni yangu hakustahili hata kidogo, kwamba alikuwa na akili zisizo za kawaida. Huyu ni mtu aliyewahi kuwa meya wa Villeneuve-sur-Yonne, mji mdogo wa Ufaransa, na siasa zake zikaishia kwenye tuhuma za kuiba fedha za mji na umeme. Tapeli wa kiwango hicho hageuki gwiji kwa sababu tu ameanza kuua. Kilichobadilika ni mazingira: katika Vita vya Pili vya Dunia Ufaransa ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, na Wayahudi walikuwa wakikamatwa na kusafirishwa kwenda kambini.

Akijiita Daktari Eugène, Petiot aliwaambia waliokuwa wakisakwa kwamba anayo njia ya siri ya kuwafikisha Argentina, kwa malipo ya faranga 25,000 kwa kila mtu. Walitakiwa wasimwambie yeyote, wachukue vitu vyao vya thamani, kisha wakubali kudungwa sindano ambayo ilidaiwa kuwa ni chanjo ya lazima kwa wahamiaji. Katika nchi yenye amani, masharti ya namna hiyo yangemtia mashaka hata mtu mzembe. Lakini kwa familia iliyokuwa ikijificha, usiri ndio uliokuwa dalili ya kuaminika, na ndugu waliobaki nyuma wasingeweza kwenda polisi kuuliza habari za Myahudi aliyetoweka bila kujitia hatarini wao wenyewe. Hata Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani ya Nazi, waliuamini uongo huo, wakamfunga mwaka 1943 kwa kosa la kutorosha watu, kisha wakamwachia Januari 1944.

Tarehe 11 Machi 1944, majirani wa nyumba namba 21, mtaa wa Le Sueur, walilalamikia moshi mzito wenye harufu mbaya. Polisi walimpigia simu mwenye nyumba, yaani Petiot, akawaomba wamsubiri. Alipochelewa, wazima moto wakaingia kupitia dirishani na kukuta viungo vya binadamu vikiungua katika tanuri, na chokaa shimoni. Petiot alifika baadaye kwa baiskeli, akawauliza maofisa kama wao ni Wafaransa wazalendo, akadai kwamba maiti zile ni za Wajerumani na wasaliti, nao wakamwacha aondoke. Wengi huwacheka polisi hao. Mimi siwacheki, kwa kuwa katika mji ule kumkabidhi kwa Wajerumani mtu aliyekuwa kweli akipigana nao kwa siri lingekuwa kosa lisilosameheka, na Petiot alilijua hilo vizuri.

Kilichomponza ni majivuno yake. Baada ya Paris kukombolewa alifuga ndevu, akajiita Henri Valeri na kupata cheo cha kapteni katika vikosi vya wazalendo; angeweza kunyamaza. Lakini gazeti moja lilipoandika kwamba aliwatumikia Wajerumani, alishindwa kujizuia, akaandika barua ya kujitetea iliyowaonyesha wapelelezi kwamba bado yumo mjini. Alikamatwa tarehe 31 Oktoba 1944 katika kituo cha metro.

Mahakamani mwaka 1946 alijigamba kwamba aliua watu 63, wote maadui wa Ufaransa. Utetezi huo haukuweza kueleza habari za familia ya Kneller, Wayahudi waliokimbia Ujerumani, ambao mtoto wao mdogo wa kiume hakuwa jasusi wa mtu yeyote. Pajama zake zilipatikana miongoni mwa masanduku ya wasafiri ambao hawakusafiri kamwe. Petiot alitiwa hatiani kwa mauaji 26, akakatwa kichwa kwa gilotini tarehe 25 Mei 1946, bila ya kukiri hata mara moja kwamba aliwaua watu hao kwa ajili ya fedha zao.