Kikaragosi Huharibikia Kwenye Kiungo

Wengi wanaoanza kutengeneza katuni za vipande, ambazo mwili wa mhusika hugawanywa sehemu zinazosogezwa mojamoja, hupamba sura kwa siku tatu, kisha hugawa mwili kwa dakika kumi. Ingefaa iwe kinyume. Sura ya kawaida yenye viungo vizuri hutembea. Sura ya kupendeza yenye viungo vibovu hugeuka mdoli aliyevunjika mara tu anapokunja kiwiko.

Kosa lenyewe ni kukata mkono kwa mstari ulionyooka. Ukiukunja, upande wa nje wa kiwiko unafunguka pengo na wa ndani unatokeza pembe. Chora mkono ukiwa umenyooka, kisha ncha mbili zinazokutana zimalizie kwa nusu duara za kipimo kimoja, zilaliane kabisa, na egemeo, yaani nukta ambayo kipande huzungukia, likae katikati ya duara hilo. Likisogea kidogo tu, mkono unaonekana umeteguka. Michoro yenye mstari mweusi wa ukingoni ina kero yake: mstari wa kipande cha juu hukatiza kiwiko kama bangili. Ufute kwenye ncha inayolalia, au funika kiungo kwa kiraka cha duara chenye rangi ya ngozi pekee, kilicho kidogo kuliko kiungo kwa unene wa mstari.

Palipo na nguo, itumie. Hanna-Barbera, studio iliyoanzishwa mwaka 1957, iliwavalisha wanyama wake wa televisheni kola na tai. Kichwa kikachorwa upya huku mwili ukibaki mchoro uleule, na mkato wa shingo usionekane.

Vipande 15 vinatosha kwa mtu mzima: kichwa, kiwiliwili, nyonga, vitatu kwa kila mkono na vitatu kwa kila mguu. Vidole usivigawe, ni kujitafutia kazi. Chora viganja vizima vinne au vitano (ngumi, kilichofunguka, kinachoonyesha, kinachoshika) uwe unavibadilisha. Kisha unganisha kwa ukoo: kiganja kifuate kigasha, kigasha kifuate mkono wa juu, na vyote viishie kwenye nyonga. Mkono na mguu wa nyuma vikae chini ya kiwiliwili, rangi yake ikolezwe kidogo, la sivyo vitachanganyika na vya mbele.

Midomo ndiyo inayostahili uchoyo. Miongozo mingi hudai maumbo manane au tisa, lakini hiyo imepimwa kwa Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano na silabi zake nyingi huishia kwenye irabu, kwa hiyo katuni rahisi huenda na matano: uliofungwa kwa m, b na p, A, E pamoja na I, O pamoja na U, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Usikimbize kila herufi, mdomo utatetemeka. Ule uliofungwa, hata hivyo, usiuruke: "mama" bila midomo kukutana inasomeka "aa". Upe angalau fremu (picha mojamoja zinazounda mwendo) mbili, na umbo litangulie sauti kwa fremu moja.

Mwendo nao una mtego. Programu ikijaziwa mkao wa mwanzo na wa mwisho, huteleza katikati kwa kasi ileile, na mhusika anaelea kama yuko majini. Kwa fremu 24 kwa sekunde, shikilia kila mkao kwa fremu mbili, na punguza hatua za kusogea karibu na mwanzo na mwisho.

Miguu ikiteleza wakati wa kutembea, piga hesabu badala ya kubahatisha. Mhusika akitembea papo hapo, pima wayo uliokanyaga unarudi nyuma piksele ngapi kwa kila fremu. Zikiwa 20, mhusika mzima asogezwe mbele piksele 20 kwa kila fremu. Ukimsogeza 25, wayo unateleza kwenda mbele piksele tano kila fremu. Na hakikisha wayo unarudi kwa kasi moja muda wote uko chini. Hapa pekee ndipo kasi isiyobadilika inapotakiwa.