Na sisi Newala tuione

Nimesoma makala yenu kuhusu dada mtengeneza filamu aliyeacha matangazo ya biashara akaingia kwenye filamu za haki za wanyonge. Hongera kwake. Ila mmeandika kwamba filamu yake ya wabangua korosho imeshaonyeshwa Dar na Ulaya. Huku kwetu Newala, mkoani Mtwara, je? Tangu vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar, wanakusini tumepigwa picha mpaka basi, na wenye kamera wakishaondoka hawarudi. Mama zetu wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu ili mafuta ya ganda yasiwababue, na bado vidole vinabaki vyeusi. Hao ndio walitakiwa waione kwanza. Dada, lete projekta na shuka jeupe, uwanja wa mpira upo, mafuta ya jenereta tutachangishana. Na diwani aitwe, akae mbele kabisa.