Saratani ya kibofu sio sigara tu
Hapo mnaposema saratani ya kibofu cha mkojo ni ya wavuta sigara mmesema nusu, sigara kweli inachangia sana ila huku kanda ya ziwa na Pemba kuna kichocho, mayai yake yanakaa kwenye ukuta wa kibofu miaka na miaka mpaka inakuja saratani, IARC wenyewe, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, walishakiweka kwenye orodha ya visababishi tangu 1994. Baba yangu mdogo hajawahi kugusa sigara, alikua anakojoa damu wanampa dawa za UTI tu, kuja kupigwa kamera kibofu kishaharibika. Na hii ya kichocho mara nyingi sio aina ile inayotibiwa kwa BCG (chanjo ya TB inayowekwa ndani ya kibofu), ndo maana naumia tafiti za dawa mpya zikiangalia ile ya BCG tu. Wa Mwanza na Shinyanga, huko kwenu mtu akikojoa damu anapimwa nini?