Bukta Iliyotoka Nairobi

Nilipotangaza nakwenda Nairobi kumwona binamu yangu, majirani zangu hapa Mbeya walinipa semina. Hela usiweke mfukoni. Simu usiitoe. Mtu akikusalimia kwa furaha, kimbia. Aliyeijua Nairobi kuliko wote ni mzee mmoja ambaye safari yake ndefu kabisa iliishia Makambako.

Mama watoto hakusema kitu. Alichukua bukta yangu, akashona mfuko kwa ndani kwa uzi wa fundi viatu, akatia laki mbili na nusu, akaufunga pande zote nne. Juu yake akabana pini tano. "Mwizi akifika hapo," akasema, "basi na azichukue, kazifanyia kazi."

Binamu anakaa mtaa wa Umoja. Nilipofika kwake niliona mlinzi getini, vyuma madirishani na nyaya juu ya ukuta, nikajisemea watu hawafungi vyuma bure. Yeye anaangalia vyuma hivyohivyo halafu analala fofofo. Kilichomtisha ni kwetu. "Huko milimani usiku mnatembeaje na giza lote lile? Hamuogopi?" Nikamwambia sisi giza tumelizoea. Akanitazama kwa huruma, kama mimi nilivyokuwa namtazama yeye.

Siku ya tatu akanipeleka kwenye duka kubwa. Tangu shambulio la Westgate mwaka 2013, sehemu kama zile huingii bila kupekuliwa. Mlinzi akanipitishia kile kidude chao, kilipofika kiunoni kikalia tiii!

"Mzee, hapo kuna nini?"

Mimi uongo wa haraka sina. "Pesa."

Foleni nzima ikageuka. Siri iliyoshonwa Mbeya usiku wa manane ikawa mali ya Kenya. Hakuna aliyenigusa, lazima niseme ukweli, ila siku nzima nilitembea nimeshika kiuno kama mgonjwa wa ngiri.

Kurudi nikapitia Namanga, Arusha, Dodoma, Iringa. Hela iliyokuwa nje ya bukta ikakata roho Makambako kwenye chipsi mayai. Stendi ya Nane Nane tukashuka saa sita usiku, mwezi wa saba, na anayeijua Mbeya ya mwezi wa saba anajua meno yangu yalikuwa yanafanya nini.

"Elfu tano, bosi," akasema kijana wa bajaji. "Ila nitangulizie ya mafuta."

Nikamwomba dakika mbili. Nikazunguka nyuma ya basi lililoegeshwa, nikapandisha koti, nikaanza kazi. Pini zilitoka. Uzi wa viatu ukagoma. Nikajaribu kucha, nikajaribu ufunguo, nikainama nijaribu meno, nikagundua binadamu hakuumbwa kwa kazi hiyo. Ndipo tochi ikanimulika.

"Wewe! Unafanya nini nyuma ya magari ya watu?"

"Natoa hela zangu."

"Ziko wapi?"

"Kwenye bukta."

Mlinzi akashika rungu vizuri. Kijana wa bajaji akaja mbio, si kunitetea, kulinda elfu tano yake. Niliwaeleza yote: Nairobi, mama watoto, uzi wa fundi viatu. Mlinzi alicheka mpaka kofia ikaanguka, akatoa wembe. Kijana akamulika kwa simu, mimi nikafumba macho. Uzi ulikatika. Mpira wa bukta nao ukakatika, na mkanda wa suruali, kwa kuwa mkono wa mlinzi ulikuwa bado unatetemeka kwa kicheko.

Mama watoto alifungua mlango akanikuta nimeshikilia suruali kwa mikono miwili, noti mdomoni.

"Nilijua!" akapiga kelele. "Nairobi wamemkata mpaka bukta!"

Nilitaka kueleza, lakini noti. Kufika asubuhi habari ilikuwa imeshazunguka mtaa. Yule mzee wa Makambako alikuja wa kwanza kunipa pole, na kuku mkononi.

Kuku nilimpokea.